Mgeni Aja, Je, Mwenyeji Apona?

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii yafaa kupimwa leo huko Naivasha, mji ulio umbali wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, ambako nyumba za likizo zimechipuka kandokando ya ziwa. Katika nyumba hizi hakuna mpishi wala mhudumu wa mezani. Mgeni hukabidhiwa ufunguo, jiko na sufuria, kisha akajipikia mwenyewe.

Hatuna ugomvi na mtindo huo. Mwalimu mwenye watoto wanne, ambaye hawezi kumudu gharama za hoteli ya kitalii, aweza sasa kuwaonyesha wanawe viboko na ndege wa ziwa hilo, lililotiwa mwaka 1995 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Hilo ni jambo la kushukuru.

Hata hivyo, swali la nani anufaikaye halikwepeki. Hoteli huajiri wapishi, wahudumu na madobi. Nyumba ya kujipikia yatosheka na mtunzaji mmoja na mlinzi wa lango. Ajira iliyopotea ingeweza kufidiwa na soko peke yake, kwa kuwa ajipikiaye hana budi kununua chakula. Samaki wapo katika ufuo wa Kamere. Kabichi na viazi huteremshwa kutoka Kinangop. Lakini mgeni anapowasili na gari lililosheheni vyakula vya maduka makuu ya Nairobi, mchuuzi wa Naivasha humwona akipita tu. Kinachomfikia mwenyeji ni taka.

Jambo la pili ni ukingo wa ziwa. Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010 chayahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma. Je, umma utaifikiaje mali yake iwapo ua umepakana na ua? Mvuvi na mfugaji wasipoachiwa njia, haki hiyo itabaki kwenye karatasi.

Isitoshe, ziwa lenyewe halitambui hatimiliki. Halina mto unaolitoka. Maji ya Malewa na Gilgil yakizidi, hupanda nchi kavu. Wakati wa ukame wa mwaka 2009 lilirudi nyuma sana. Mwaka 2020 lilifurika hadi mtaa wa Kihoto, na mwaka 2025 likawafurusha tena wakazi wa mtaa huo huo. Yeyote anayejenga kwa kuyafuata maji yaliyopungua ameazima ardhi, na mwenye mali atakuja kuidai.

Serikali ya Kaunti ya Nakuru yapaswa basi kuweka masharti yasiyo na utata kabla ya kutoa leseni: ukingo usijengwe, njia ya umma ya kufika majini iachwe wazi, na mwenye nyumba awajibike kwa taka za wageni wake. Wenye nyumba nao wawaeleze wageni mahali pa kununua samaki, mboga na maziwa. Hilo haligharimu chochote.

Nasi walimu na wanafunzi tunaozuru ziwa hilo tuna wajibu wetu. Tuliache sanduku la vyakula nyumbani, twende na kikapu kitupu, tukijaze katika soko la Naivasha. Hapo ndipo mwenyeji atakapopona.