Orodha ya wakimbizi si ya kuachwa wazi

Familia ikifika kambini kutoka Masisi ao Rutshuru, inaandikwa: jina la baba na mama, hesabu ya watoto, kijiji walichokimbia, namba ya simu. Yote inaingia ndani ya kompyuta ya shirika, na usiku programu inanakili orodha nzima na kuituma kwenye mashine nyingine. Ni kazi nzuri. Ofisi ikiporwa bila nakala, mama anarudi kwenye mstari kujiandikisha upya.

Lakini saa nane za usiku hakuna mtu wa kuingiza neno la siri. Kwa hiyo mafundi wengi huliandika wazi ndani ya maagizo ya programu, kiisha wanasahau. Hapo mimi ninakataa. Maagizo hayo hunakiliwa kwenye flashi, hutumwa kwa fundi mpya, mara nyingine yanaingia hata ndani ya nakala yenyewe. Anayeyapata ameipata orodha yote.

Mwezi Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi waliingia kwenye seva zenye habari za watu zaidi ya 515,000, kati yao watu waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita. Wao walipitia mlango mwingine, kasoro ya programu isiyorekebishwa. Lakini tuliona wazi kwamba orodha za watu kama sisi zinatafutwa.

Dawa haiombi pesa nyingi. Neno la siri likae kwenye faili ya pekee, inayosomwa na programu ya nakala tu. PostgreSQL, kwa mfano, kwenye Linux inakataa faili hiyo kama wengine wameruhusiwa kuisoma. Programu ipewe ruhusa ya kusoma, si ya kufuta. Nakala ifungwe kwa ufunguo unaofunga tu, na ule wa kufungua ukae mbali na seva. Fundi akiacha kazi, neno libadilishwe siku ile ile.

Kuna wanaosema: sisi ni shirika dogo, nani atatutafuta? Ndugu zangu, anayetafutwa si shirika. Ni yule aliyekimbia usiku na hataki waliomfukuza wajue analala wapi. Wajumbe wa kambi, kabla ya kuandikisha tena, ulizeni: nakala ya orodha inakaa wapi, na ni nani anayeweza kuifungua?