Kemia ya Mkate

Wapo wangali wakidai kwamba sayansi haifundishiki kwa Kiswahili. Napinga. Katika darasa moja la mapishi mtaani Muthurwa nimejifunza kuoka mkate wa Waayalandi, usiotiwa hamira: unga wa ngano, chumvi, soda ya kuokea na maziwa lala. Tuliuoka kwa sufuria, makaa juu na chini, kama mkate wa kumimina wa Pwani. Mwalimu alieleza kwamba uchachu wa maziwa ukikutana na soda huzaa hewa, na hewa ndiyo iumuayo donge. Kwa hiyo lisikandwe sana wala lisicheleweshwe. Sote tulielewa. Hiyo ni kemia, ambayo shuleni wengi huikariri kwa Kiingereza bila kuielewa. Walimu wenzangu, kwa nini tumnyime mwanafunzi maneno aliyo nayo tayari?