Mkanda wa Rali Kwenye Gari la Kwenda Sokoni

Kaa kwenye gereji ya hapa kwetu Kalangalala ambako vijana wanapeleka Subaru, Altezza na Crown zao, na mapema au baadaye mtu atautaja mkanda wa rali: ule mpana unaopita mabega yote mawili, wenye kishikizo cha kuzungusha kinachokaa juu ya tumbo. Anayeutaka ana hoja zake, na si za kipuuzi. Ila ukizifuata mpaka dakika ya ajali, karibu zote zinaanguka.

Mama wa hoja zote ni hii: madereva wa rali wanaufunga, gari linabiringika mara kadhaa na wao wanatoka wakipunga mkono. Ni kweli. Lakini litazame vizuri gari la Safari Rally kule Naivasha. Dereva amekaa kwenye kiti cha mashindano kilichofungwa imara kwenye bodi, amezungukwa na kizimba cha mabomba ya chuma, amevaa helmeti, na helmeti hiyo imeunganishwa na kifaa kinachoitwa HANS, kinachokaa mabegani kikiwa kimekandamizwa na mikanda. Kwenye runinga kifaa hicho hakionekani sana, nacho ndicho kinachookoa shingo. Mkanda wa rali unakibana kiwiliwili kisisogee. Gari likigonga kwa mbele, kiwiliwili kinabaki kwenye kiti. Kichwa, ambacho hakuna kilichokishika, kinaendelea na safari. Dale Earnhardt, bingwa mara saba wa mbio za NASCAR za Marekani, alifariki tarehe 18 Februari 2001 katika mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, fuvu likiwa limevunjika kwenye kitako chake. Alikuwa amefunga mikanda ya mashindano. HANS hakuwa nayo. Kabla mwaka ule haujaisha, NASCAR ilifanya vifaa vya kushikilia kichwa kuwa lazima, na Formula 1 ikafanya hivyo mwaka 2003. Wewe unayekwenda Katoro kufuata vipuri, umevaa fulana na kapelo, umechukua kitu kimoja kati ya vitano na kuviacha vinne.

Mkanda uliokuja na gari ulibuniwa kwa ajili ya mtu huyo wa fulana na kapelo. Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, aliuleta mwaka 1959, na kampuni ikawaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Unashika bega moja na nyonga, kwa hiyo mwili unasogea mbele kidogo huku mwendo ukipunguzwa, na katika magari ya siku hizi unakutana na mfuko wa hewa uliokwisha kufumuka. Kule kusogea, ambako mpenzi wa rali anakuona ni ulegevu, kumekusudiwa.

Wanasema pia kwamba ncha nne za mkanda wa rali zinashika kuliko tatu za ule wa kiwandani. Hapa hesabu inadanganya. Katika mikanda mingi ya ncha nne, mikanda ya mabegani ikivutwa wakati wa ajali inaupandisha ule wa kiunoni, unatoka kwenye mfupa wa nyonga na kukaa tumboni, na mtu anateleza chini yake. Nyonga inaweza kubeba kishindo. Utumbo, ini na wengu haviwezi. Ndiyo maana mikanda ya mashindano huwa na ncha ya tano au ya sita inayopita katikati ya mapaja, na kiti chenye tundu la kuipitisha. Siti ya Altezza haina tundu hilo. Haki isemwe: Schroth, kampuni ya Ujerumani, imetengeneza mikanda ya ncha nne ambayo bega moja hurefuka kidogo ili mtu asiteleze, na baadhi imeruhusiwa barabarani katika aina maalumu za magari. Sidhani kama huo ndio unaoninginia dukani.

Unaoninginia dukani mara nyingi ni wa kijani, umeandikwa Takata. "Takata ni Mjapani, huyo hana utani." Takata hiyohiyo ndiyo mifuko yake ya hewa ilipasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa watu, mamilioni ya magari yakarudishwa duniani kote, na kampuni ikaomba kufilisika Juni 2017. Mikanda ya kughushi yenye jina lake imezagaa. Mkanda halisi wa rali una lebo ya FIA (shirikisho la mbio za magari duniani) yenye namba ya kiwango, kama 8853-2016, na mwaka wa mwisho wa kuutumia. Usipoiona lebo hiyo, umeshika pambo.

"Fundi wangu ataufunga vizuri." Fundi wako ni hodari, sina ubishi, lakini ataufunga wapi? Akitoboa sakafu nyuma ya siti, mikanda ya mabegani itashuka wima, na siku ya kishindo itakandamiza uti wa mgongo kwenda chini. Kanuni za FIA zinataka isishuke zaidi ya nyuzi 45 kutoka usawa wa ardhi, na inapendekezwa isizidi 10. Bati la sakafu peke yake halishiki bolti. Litachanika, ndiyo maana kanuni hizo zinadai bamba la chuma la angalau milimita 3 upande wa pili. Akikwepa yote hayo na kutumia matundu ya mikanda ya siti ya nyuma, basi amewanyang'anya abiria wa nyuma mikanda yao. Na watoto wa kwetu hukaa huko.

Kuhusu gari kupinduka, wanaouogopa mteremko na vumbi la barabara ya Nyarugusu wana haki ya kuogopa. Lakini paa likibonyea, aliyebanwa wima mabega mawili hana pa kuinamia. Ukiongeza kizimba, umeleta mabomba karibu na kichwa kisicho na helmeti. Kuna anayeniambia, "Mbona magari ya mgodini yana vyuma?" Yana vyuma, na pamoja na vyuma yana kikomo cha mwendo kinachofuatiliwa kweli, na dereva asiyefunga mkanda anahatarisha ajira yake. Igeni hilo kwanza.

Halafu kuna matumizi ya kila siku. Mkanda wa rali unafanya kazi ukiwa umebana. Ukibana, huwezi kugeuka kuangalia bodaboda inayokuchomekea kushoto, wala kurudi nyuma sokoni kwa raha. Kwa hiyo utaulegeza, na ukilegea hauna kazi. Ukishachoka utauacha nyuma ya siti na kuendesha bila chochote.

Wapo wanaoupenda kwa sababu unapendeza. Hao sina la kuwajibu, isipokuwa wasiung'oe ule wa kiwandani.

Hoja moja naikubali: mikanda ya magari yetu ya mtumba imechoka. Uvute mkanda wako kwa ghafla. Kama haujikazi, au umeanza kuchanika nyuzi, badilisha kwa mwingine wa gari la aina hiyohiyo, ambao haujawahi kubeba mtu kwenye ajali. Kile kipande cha chuma kinachochomekwa ili alamu inyamaze, kitupe. Kujitandazia mkanda kifuani ukimwona trafiki kutakuepusha na faini tu.

Na wenye magari ya abiria, michomoko na Noah: inueni siti kava za nyuma. Vishikizo vimefukiwa humo chini tangu gari liliposhuka bandarini Dar es Salaam. Vitoeni, vifuteni vumbi, mwambieni abiria afunge.