Bahari Haijapungukiwa Mikono

Kila mwaka, shule za Ulaya na Marekani zinapofungwa kwa likizo ndefu, kusi likiwa limeshika kasi huku kwetu, ndege zinazotua Zanzibar na Dar es Salaam huleta vijana wa miaka 16 na 17, mabegi mgongoni, miwani ya kuzamia imening'inia ubavuni. Wengine huelekea Nungwi au Jambiani, wengine huvuka hadi Mafia. Wazazi wao wamelipa dola elfu mbili, pengine elfu tatu, mbali na nauli, ili watoto wakae wiki mbili tatu wakijitolea kuokoa bahari. Watahesabu samaki, watapandikiza vipande vya matumbawe, watasafisha ufukwe. Bahati ikiwaangukia, watawaona watoto wa kasa wakikimbilia maji. Kisha watarudi makwao wakiamini kwamba wamesaidia.

Imani hiyo haiko kwao peke yao. Mwenye nyumba ya wageni anayo, na mwalimu na sheha wanayo, na wote wana methali tayari: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukimbana mtu, atakujibu kwamba mkono mmoja haulei mwana, na kwamba wiki mbili za kijana mwenye moyo mwema ni afadhali kuliko kutofanya lolote. Inaonekana ni hoja isiyo na mpinzani. Lakini ni imani yenye makosa, na gharama yake inalipwa na bahari pamoja na watu wanaoishi kando yake.

Kosa linaanzia kwenye neno lenyewe. Kwa Kiswahili, kujitolea ni neno zito. Anayejitolea hutoa kilicho chake, jasho, muda, usalama, hata riziki, na akitoka hapo amepungukiwa kwa ajili ya wengine. Kijana aliyelipiwa ada, akapewa kitanda, chakula, mkufunzi wa kuzamia na cheti mwishoni, amenunua huduma. Kununua si aibu. Tatizo ni kwamba jina la heshima limehamishiwa kwa mteja, na wale wanaojitolea kwa maana kamili ya neno wamebaki bila jina.

Nao wapo. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wavuvi wa pweza wamekuwa wakikubaliana kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi mitatu hivi, wakisaidiwa na mtandao wa Mwambao unaofanya kazi na jamii za pwani. Miezi mitatu ni mingi kwa mtu anayetegemea maji ya bamvua kupata kitoweo na ada ya shule. Wanaovua pweza kwa miguu mwamba unapokauka wengi wao ni wanawake, wasio na chombo cha kuwapeleka mbali zaidi. Mwamba ukifungwa, mwanamke huyo anapita kando ya chakula chake akakiacha. Wanaume hukesha kwa zamu kulinda usiku. Pweza hukua upesi sana, kwa hiyo siku ya kufungua wanavuliwa wakubwa, na soko linajaa. Hesabu inalipa, ila inalipa kwa sababu kuna watu waliokubali kwanza kukosa.

Watetezi wa safari za vijana watataja Madagascar, na wana haki ya kuitaja. Shirika la Blue Ventures, lililoanzishwa mwaka 2003, lilijiendesha miaka yake ya mwanzo kwa ada za wageni waliokuja Andavadoaka kuzamia na kukagua matumbawe. Bila fedha hizo huenda lisingesimama. Hilo ni kweli, na mtu mwadilifu lazima alikubali. Lakini kilichobadilisha bahari ya Andavadoaka kilikuwa uamuzi wa Wavezo, wavuvi wenyeji wa huko, mwishoni mwa 2004, kufunga uvuvi wa pweza kwa miezi saba katika eneo la Nosy Fasy. Vijiji vya jirani viliona matokeo, navyo vikaiga, hadi likazaliwa eneo kubwa linalosimamiwa na wanavijiji, Velondriake. Mgeni alileta fedha. Mwenyeji ndiye aliyeacha kuvua. Kuyachanganya mambo haya mawili, ukampa wa kwanza sifa ya wa pili, ni kupotosha historia.

Inafaa kutazama kazi ya hifadhi ilivyo hasa, siku hadi siku, kwa sababu picha za matangazo huificha. Kisiwa cha Chumbe, kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Zanzibar, ni mfano mzuri. Mwamba wake wa magharibi ulifungwa rasmi kwa uvuvi mwaka 1994, juhudi zikiongozwa na Mjerumani Sibylle Riedmiller, na leo una zaidi ya aina 400 za samaki. Walinzi wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Hawakupewa bunduki. Silaha yao ilikuwa mazungumzo: ngalawa ikikaribia, mlinzi anaisogelea, wanasalimiana, wanaulizana habari za nyumbani, kisha anaeleza kwa nini hapa hapavuliwi na kwa nini samaki wanaozaliwa hapa watatoka wenyewe kwenda alikozoea kutega dema lake. Mlinzi anajua huyu ni mtoto wa nani, na mvuvi anajua kwamba mlinzi naye aliwahi kuishi kwa nyavu. Siku nyingine mlinzi huyo huyo ndiye anayeita msaada chombo kinapozidiwa na mawimbi.

Hapo ndipo hifadhi ilipo. Inafanyika juu ya maji, kwa Kiswahili cha Unguja, kati ya watu watakaokutana tena msibani na harusini. Kijana wa miaka 17 kutoka Manchester, hata awe na moyo mwema kiasi gani, hana nafasi katika mazungumzo hayo. Wageni walioisaidia Chumbe kwa kujitolea katika miaka ya mwanzo walikuwa watu wenye taaluma zao, na wapo waliokaa miaka. Kuwatumia hao kama ushahidi wa faida ya wiki mbili za mwanafunzi ni kulinganisha nahodha na abiria.

Mafia inafundisha jambo hilo kwa uchungu zaidi. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995 na ina kilomita za mraba 822, na ndani yake kuna vijiji vyenye watu. Mwanaanthropolojia Christine Walley, katika kitabu alichokitoa mwaka 2004, alieleza jinsi wakazi wengi walivyoiunga mkono hifadhi hapo mwanzo kwa sababu walitaka uvuvi wa baruti ukome, kisha wakajikuta wanasukumwa pembeni katika maamuzi, ujuzi wao wa bahari ukihesabiwa kuwa si ujuzi. Anayepeleka kundi jipya la vijana wa kigeni kila mwezi kuja "kuwaelimisha wanakijiji" kuhusu matumbawe anakitonesha kidonda hicho hicho. Mvuvi wa Jibondo anayetofautisha pono na changu kwa kivuli chao majini anakuja kufundishwa na mtu aliyejifunza kuzamia Jumatatu iliyopita.

Na hiyo Jumatatu iliyopita si mzaha. Kozi ya kwanza ya kuzamia huchukua siku tatu au nne. Mzamiaji mgeni bado hajaweza kujituliza majini; anapanda, anazama, anapiga teke ili asawazike. Teke moja la pezi la mguuni likigonga tumbawe, limevunja kazi ya miaka, maana matumbawe mazito ya mviringo huongezeka kwa sentimita moja hivi kwa mwaka. Anayeweza kujituliza amezamia mara nyingi, na kufikia wakati huo mwanafunzi wa wiki mbili ameshaondoka, na nafasi yake imechukuliwa na mwingine anayeanza upya, kwenye mwamba ule ule.

Kasa nao wanahitaji mikono michache, iliyofundishwa, isiyobadilika kila mwezi. Kasa mmoja hutaga mayai zaidi ya mia moja, akayafukia na kuyaacha kwa takriban miezi miwili. Yai likigeuzwa ovyo baada ya kiini kuanza kushika ndani, kiinitete kinachokua hufa. Joto la mchanga ndilo linaloamua kama watoto watakuwa majike au madume, hivyo kuhamisha kiota ni kazi ya mjuzi. Hata kuwaweka watoto wa kasa kwenye ndoo hadi asubuhi, ili wageni wapate mwanga wa kupiga picha, kunawamalizia nguvu walizopewa kwa safari ya kwanza ya kuvuka mwamba. Tangu mwaka 2001 kazi ya viota vya Mafia imefanywa na wanakijiji waliofunzwa na mpango uliokuja kuitwa Sea Sense. Hutembea ufukweni alfajiri wakitafuta mburuzo wa kasa mchangani. Anayeripoti kiota hupata kifuta jasho, na mayai yakianguliwa salama anaongezwa. Mpango huo ulielewa jambo lililo wazi: mtu aliyekuwa akiyala mayai ndiye anayejua yalipo, na akilipwa kuyalinda, atayalinda mwaka mzima, Ramadhani na masika, watalii wakiwapo au wasiwepo.

Kuhusu kupandikiza matumbawe, ambako ndiko kunakouzika zaidi, ukweli ni mchungu. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi magharibi mwa Bahari ya Hindi. Mwamba wa Tutia, kusini mwa Mafia, uliharibika vibaya. Julai 2023, huko Florida, kipimo cha Manatee Bay kilifika nyuzi joto 38.4, na wataalamu wenye vifaa vya kila aina walilazimika kuyang'oa matumbawe kwenye vitalu vyao na kuyakimbizia kwenye matangi ya nchi kavu. Kipande kilichofungwa kwenye chuma na kijana Julai hii hakina kinga yoyote dhidi ya joto la namna hiyo, na safari ya kijana huyo ya kwenda na kurudi kwa ndege imechangia kulipandisha.

Usafi wa fukwe hauhitaji maneno mengi. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Sheria hizo, pamoja na kasoro za utekelezaji wake, zimezuia taka ambazo vikundi vya wageni wenye magunia visingemaliza kuziokota.

Kuna jambo linalouma kuliko yote haya. Visiwani, wasichana wengi waliokulia hatua chache kutoka baharini hawakufundishwa kuogelea. Mradi wa Panje, ulioanza Nungwi mwaka 2011, umekuwa ukiwafundisha kwa mavazi ya stara na kwa ridhaa ya wazazi. Chumbe imekuwa ikiwachukua wanafunzi wa Zanzibar kwenda kuuona mwamba tangu miaka ya tisini. Ni kazi nzuri, lakini watoto wanaofikiwa bado ni wachache. Kwa hiyo kuna fukwe ambako msichana mgeni wa miaka 16 anashuka majini kuhesabu samaki, na msichana wa kijiji wa umri huo huo, ambaye mama yake analima mwani papo hapo, hajawahi kuuona mwamba kutoka chini ya maji. Mmoja ataondoka Ijumaa. Mwingine ataishi na bahari hiyo miaka hamsini ijayo, na huenda akakaa kwenye kamati ya wavuvi ya shehia itakayoamua kipi kifungwe na kipi kifunguliwe.

Itasemwa kwamba kijana wa kigeni anajifunza, na anaweza kurudi siku moja akiwa mwanasayansi. Inawezekana, na ni jambo jema. Basi na aje kama mwanafunzi. Aitwe hivyo, alipe kama mwanafunzi, na fedha zimfikie mwalimu wake: mlinzi wa Chumbe, mama wa pweza wa Kisiwa Panza, mzee wa Juani, huko Mafia, anayesoma mburuzo wa kasa gizani. Ajifunze salamu kabla ya kujifunza majina ya samaki kwa Kilatini. Na katika kila chombo kinachompeleka mwambani, wakae pia vijana wawili wa kijiji hicho, wenye miwani na mapezi yao, ada yao ikiwa ndani ya bei aliyolipa yeye.

Serikali zote mbili zina uwezo wa kulitaka hilo. Watu wa kujitolea huingia kwa vibali vya ukaazi daraja C au vya muda mfupi, na waandaaji wa miradi lazima wapite ofisini kwa mtu fulani kupata muhuri. Ofisa huyo anaweza kuuliza maswali matatu: mwalimu wa hapa analipwa kiasi gani, vijana wangapi wa shehia watazamia pamoja na wageni, na nani atakuwa akihesabu samaki hawa mwezi Januari, kundi likishaondoka. Waombaji wa msimu ujao wanaweza kuanza kuulizwa sasa.