Kinyago Darasani: Kitu au Tendo?

Katika somo la sanaa walimu wengi huchora uso wa kinyago ubaoni, wakawaamuru watoto waunakili, na somo likaisha. Maoni yangu ni kwamba somo la namna hiyo halifundishi kinyago hata kidogo. Kinyago si kitu cha kutazamwa tu, ni tendo. Kikitengwa na ngoma, na mchezaji, na watu wanaomzunguka, hubaki gogo lenye macho.

Tuchukue mfano wa lipiko la Wamakonde wa kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Huchongwa kwa mti mwepesi, huvaliwa kichwani mithili ya kofia, na aghalabu hutiwa nywele za binadamu na chale za usoni. Mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima asijulikane ni nani. Huchezwa hasa wakati vijana watokapo jandoni, na huwaleta wahenga mbele ya walio hai. Lakini kazi yake haikuishia hapo: wakati wa ukoloni wachongaji walimwigiza pia mtawala wa Kireno, wakamfanya kichekesho mbele ya watu aliowatawala.

Wayoruba wa Nigeria na Benin nao hucheza Gelede kwa heshima ya akina mama na nguvu zao, ingawa wavaaji wa vinyago ni wanaume. Huko Venice, Italia, ambako kanivali ilififia baada ya jamhuri yao kuanguka mwaka 1797 na kufufuliwa mwaka 1979, kinyago kilifunika tofauti ya mkubwa na mdogo.

Basi mwalimu na afanyeje? Kwanza, asianze na umbo, aanze na swali: kinyago hiki humwezesha mvaaji kusema nini ambacho uso wake mtupu usingethubutu? Kisha watoto watengeneze vinyago vyao kwa maboksi, vibuyu na magunia, wakacheze navyo igizo fupi juu ya mvivu, mchoyo au mlanguzi.

Pili, aheshimu siri. Kwa mila, siri za lipiko hazikufunuliwa kwa wanawake wala kwa wavulana wasiopita jandoni. Mwalimu asiyewauliza wazee kwanza aweza kuvunja katika kipindi kimoja jambo lililohifadhiwa kwa vizazi vingi. Vivyo hivyo, mtoto ambaye dini ya wazazi wake inamkataza asilazimishwe kuvaa.

Wako watakaosema kwamba shule ni mahali pa elimu, wala haina siri. Nami nawajibu kwamba kujua kuwa jambo lina wenyewe nako ni elimu. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 2010 ndipo makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva yalipokubali kukirudisha. Mwizi aliona kitu cha kuuza. Sisi hatuna budi kuwafundisha watoto kuliona tendo, na wenye tendo.

Wahenga walisema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Mtoto aliyekitengeneza na kukicheza hatakiogopa kinyago cha jirani yake. Wala, lililo kubwa zaidi, hatakidharau.