Askari Jela Naye Ni Mfanyakazi

Je, askari jela ni mfanyakazi? Swali hili, ambalo sisi wanaisimu tungelidhani ni la kamusi tu, liliamuliwa na mahakama ya Uingereza mwaka 1993. Kwa kuwa askari hao wana mamlaka ya polisi, chama chao, POA, kilichoasisiwa mwaka 1939, kilionekana si chama cha wafanyakazi. Mwaka 1994 Bunge likakirejeshea hadhi hiyo, lakini papo hapo likaharamisha kuwachochea wanachama wagome.

Chama kilibaki na ulimi. Mwaka 2011 kilipinga gereza la Birmingham kukabidhiwa kampuni ya G4S. Wapo waliodai kinatetea unga wake tu. Naam, kilitetea unga. Hiyo ni dhambi gani? Desemba 2016 ghasia kubwa zikazuka gerezani humo. Mwaka 2018 wakaguzi wakawakuta baadhi ya askari wamejifungia ofisini, na Agosti serikali ikalitwaa tena gereza.

Nasi tusiwacheke. Sheria yetu ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 iliwaacha nje askari jela. Walipogoma Aprili 2008 wakidai marupurupu, hawakuwa na chama cha kuwasemea.