Viatu Vyepesi vya Kuvukia Mito

Wahenga walisema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hawakusema kwamba ni lazima yavuliwe na viatu pia. Hata hivyo, wasafiri wengi wafikapo ukingoni huvua viatu vyao, huvitundika shingoni, kisha huingia mtoni miguu mitupu. Desturi hiyo imewaumiza wengi, na yafaa ifikiriwe upya.

Mtu apandaye Mlima Kenya, au azungukaye katika milima ya Aberdare, huweza kukutana na vijito kadhaa kwa siku moja. Mito kama Nithi, Sagana, Chania na Gura huanzia huko juu. Maji yake ni ya baridi kali, huenda mbio, na mawe yaliyo chini yake ni ya utelezi. Mkulima naye avukaye kijito kwenda sokoni, au kumtafuta ng'ombe aliyepotea, hukutana na shida zile zile. Unyayo uliotiwa ganzi na baridi hauhisi jiwe kali wala kipande cha chupa. Mwenyewe huijua jeraha yake ng'ambo, aionapo damu. Na mtu aliyekatwa mguu mbali na barabara ana safari ndefu ya kurudi.

Wako wengine ambao huingia mtoni na viatu vyao vizito vya ngozi. Tumfikirie karani aliyepata likizo, akanunua buti madhubuti kwa ajili ya mlima. Buti hizo ni nzuri katika njia kavu, lakini zikilowa hunywa maji, huwa nzito, na huenda zisikauke hata siku ya pili. Uzito wa miguuni humchosha mtu mara kadhaa kuliko uzito ule ule mgongoni, kwa maana huinuliwa katika kila hatua. Tena ngozi ya mguu iliyolowa hulainika, ikasuguliwa, ikatoka malengelenge. Akizianika karibu na moto, ngozi ya buti hukakamaa na kupasuka. Gambuti ni hatari zaidi: maji yakipita juu ya shingo yake hujaa ndani, na mvaaji huwa kama aliyefungwa ndoo mbili miguuni.

Basi dawa ni kuchukua mzigoni jozi ya pili, iliyo nyepesi, ya kuvukia tu. Msafiri afikapo mtoni huvua buti na soksi, huzifunga katika mfuko usiopenya maji, huvaa viatu vyepesi, na huvuka. Ng'ambo hujifuta miguu na kuvaa soksi kavu.

Je, ni viatu gani vifaavyo? Ndara za kuchomeka kidole hazifai. Ni nyepesi kweli, lakini hazina kamba ya kisigino, na mkondo huzinyakua mara moja. Mwenye kuzikimbilia huanguka. Akala zilizokatwa katika tairi zina sifa ya kutochakaa, na zile zenye kamba ya nyuma hushika mguu vizuri. Kasoro zake ni mbili: huacha vidole wazi, na soli yake ikiwa laini huteleza juu ya mawe. Viatu vya plastiki vyenye matundu ni vyepesi sana na hutoa maji upesi, ila mkanda wake ni lazima urudishwe nyuma ya kisigino. Lakini kwa watu wengi, raba za turubai zenye kamba ndizo zinazofaa kuliko vyote. Hufunika vidole, hushika mguu wote, hukauka juani, na hupatikana hata katika maduka ya mitumba.

Mnunuzi na avijaribu kabla ya safari. Avitose katika ndoo ya maji, avivae, kisha atembee: maji yatoke baada ya hatua chache. Autikise mguu kwa nguvu: kiatu kisivuke. Aigeuze soli: iwe na mifereji. Zaidi ya hayo, avishike mkononi. Vikiwa vizito kama buti zake, havina faida.

Ijulikane pia kwamba viatu hivi havizuii kichocho, kwa sababu maji huingia ndani yake. Vijidudu vya ugonjwa huo hutoka katika konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu. Katika sehemu zenye ugonjwa huo, kama mashamba ya mpunga ya Mwea na kando ya Ziwa Victoria, ni bora kutafuta daraja.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili: hakuna kiatu kiwezacho kuushinda mto uliofurika. Mwendo wa maji ukizidi mara mbili, nguvu zake huzidi mara nne. Mwezi wa Aprili 2012, vijana saba wa kundi la kanisa walifariki katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, walipofikiwa na mafuriko ya ghafula. Septemba 2019 korongo hilo hilo likaua watu tena. Na tarehe 4 Desemba 2021, katika Mto Enziu karibu na Mwingi, basi zima lilizama na watu zaidi ya 30 wakafa. Ikiwa basi halikustahimili, raba zitafanya nini?

Kwa hiyo msafiri mwenye busara hutupa kijiti mtoni na kutembea sambamba nacho ukingoni. Kijiti kikimshinda mwendo, havuki. Havuki pia maji ya mbio yapitayo magoti, wala maji yaliyogeuka rangi ya udongo, hata kama mbingu ni nyeupe juu yake, maana mvua huenda imenyesha mlimani. Akivuka, huchagua mahali papana pasipo kina, hulegeza kamba za mzigo, huelekea mkondo utokako, na hujiegemeza kwa fimbo.

Mito mingi ya milimani hupungua mvua ikikatika kwa saa kadhaa. Mwenye kungoja hupoteza nusu siku. Asiyengoja huweza kupoteza siku zake zote.